Mikono Mfukoni

Danylo hakubisha hodi. Aliupiga teke mlango wa kantini, komeo likang'oka, na sufuria iliyokuwa ikichemka juu ya jiko ikayumba. Alikuwa amevaa nusunusu: kinga za mabega juu, kaptura nene ya hoki ya barafuni chini, miguuni soksi bila viatu. Shingoni zilining'inia hedifoni nyeusi zisizo na waya, zile za bei ya kutupa, ambazo dada yake mwenyewe alimpa zawadi ya Krismasi.

"Mikono mfukoni, mpenzi wangu," alisema kwa sauti ya kike, akibana pua. "Leo ndiyo mechi ya mwisho. Ukitoka barafuni bila kurusha ngumi, jioni tunakwenda kumwambia Mama." Kisha akairudia sauti yake. "Remi ni nani, Larysa?"

Larysa alikuwa ameshika mwiko. Alielewa papo hapo ni nini alichokifanya.

Mapenzi ni kikohozi, walisema wahenga, hayafichiki. Lakini wahenga hawakujua kwamba siku moja yatakohoa yenyewe ndani ya masikio ya kaka mtu.

Wengine huugua pombe, wengine kamari. Larysa Hrycan aliugua kupanga nyimbo. Mchana aliuza kahawa na pyrohy, yale maandazi ya viazi ya kuchemshwa, katika uwanja wa barafu wa Zelena, mji mdogo wa wakulima wa ngano huko Saskatchewan. Muda wote uliobaki alikuwa anawinda nyimbo na kuzipanga kwa maudhui yake mwenyewe: Nyimbo za Kuosha Vyombo kwa Hasira. Nyimbo Zenye Treni. Nyimbo za Wanawake Waliokataa Posa Wakajuta. Ndani ya orodha moja ungekuta kwaya ya kanisa la Kiukreni, fidla ya watu wa mto Mwekundu, mzee wa Texas analilia farasi, halafu ghafla gitaa la Kongo ambalo hata yeye hakukumbuka lilivyomfikia. Katikati ya nyimbo alirekodi maneno mawili matatu kwa sauti yake, kama mtangazaji wa redio. Na maneno yale, tangu vuli iliyopita, yalikuwa na mwenyewe mmoja tu.

Alikuwa amenunua hedifoni jozi tatu katika kapu la bei ya chini huko Saskatoon: yake, ya kaka yake, na ya Remi Lavallee. Sponji zake zilimenyeka mapema lakini zilipiga besi vizuri kuliko vitu vya matajiri. Ubaya wake ulikuwa mmoja. Ukizitafuta kwenye simu, zote tatu zilijitaja kwa jina lile lile, kama mapacha waliovalishwa sare. Simu ya Larysa ilizijua mbili, zake na za Danylo, kwa kuwa aliwahi kuziazima za kaka yake.

Na yeye na Remi walikuwa na desturi yao. Kabla ya kila mechi walibonyeza wimbo wa kwanza kwa pamoja, yeye kantini na Remi huko alikokuwa, wakasikiliza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mchana ule alibonyeza, akasikia kimya. Akadhani chaji imekwisha, akazivua na kuzichomeka ukutani, akaendelea kukanda unga. Upande wa pili wa ukuta wa mbao, chumbani mwa timu ya nyumbani, Danylo alikuwa ndiyo kwanza amevaa hedifoni zake, akitaka midundo ya kumchemsha damu. Simu ya dada yake ikazishika hizo, akapata kwaya. Halafu akapata sauti ya dada yake.

"Nimekuuliza, Remi ni nani? Au nikusaidie? Ni yule Lavallee wa Saint-Aubin, hawa tunaocheza nao leo?"

"Kaka, nisikilize kwanza."

"Nimeshasikiliza. Nimesikiliza mpaka mahali unapombusu kwenye kinasa sauti." Alizing'oa hedifoni shingoni, akazivunja gotini, akazitupa ndani ya sufuria katikati ya pyrohy. Maji yaliruka yakamchoma Larysa kwenye kiganja.

Mama yao, Olha, alitokea stoo akiwa na mfuko wa vitunguu. Alitazama sufuria, akatazama mlango, ndipo akamtazama binti yake. Hakuuliza nani kamwaga maji. Aliuliza kama ni kweli, na Larysa alipoinamisha kichwa, aliuweka mfuko chini taratibu.

"Saint-Aubin," alisema. "Mwanangu, wanaume wamekwisha duniani? Baba yako amekaa pale juu jukwaani na blanketi magotini, hajui leo ni siku gani. Unataka nimkaribishe mkwe kutoka huko huko?"

Huo ndio uliokuwa mzizi wa mambo yote. Baba yao, Petro Hrycan, alikuwa mpiganaji wa timu ya Zelena, yule mchezaji wa kurusha ngumi kwa niaba ya wenzake, kwa ujana wake wote, na ngumi iliyomlaza mara ya mwisho ilitoka kwa mtu wa Saint-Aubin. Siku hizi alitia chumvi kwenye chai, na alimwita Larysa kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa. Zelena nzima iliwalaumu watu wa Saint-Aubin. Larysa alilaumu ngumi zote, pamoja na zile ambazo baba yake alizirusha mwenyewe akashangiliwa.

Ndiyo maana, Remi alipomwomba amuoe, alimpa sharti. Alikutana naye hapo hapo kantini, Remi akiwa na mdomo uliochanika, akanunua kahawa na kuuliza ni nani anayechagua muziki wa mapumziko, maana ulimkumbusha mazishi ya trekta. Larysa alicheka mpaka akamwaga maziwa. Wiki iliyofuata alimtumia orodha iitwayo Nyimbo za Midomo Iliyochanika, tarumbeta tupu na miluzi. Remi alikuwa fundi wa mashine za kuvunia na mpiganaji wa timu yake, mwenye mikono mizito na maneno machache. Sharti lenyewe lilikuwa hili: amalize msimu bila kupigana, la sivyo asahau ndoa. Alikubali, akastahimili majira yote ya baridi, na sasa ilibaki mechi moja tu.

"Ameacha kupigana, Danylo," Larysa alisema. "Ameacha kwa ajili yangu. Mwache acheze amalize, tuje tukae kama watu wazima."

"Ameacha?" Danylo alimshika mkono juu ya kiwiko, akaubana mpaka mwiko ukaanguka. "Basi nitamkumbusha."

Alipotoka, Olha aliokota mwiko na kuufuta. Alisema kaka yake ana hasira za karibu tu, zitashuka. Ndivyo alivyosema pia mwaka ule Danylo alipomsukuma dada yake kwenye friji, na mara ile ya sahani. Larysa alikuwa amelisikia neno hilo mara nyingi kiasi kwamba aliliamini.

Alimpigia Remi simu, haikupokelewa. Aliandika ujumbe: kaka amejua, mpenzi, chunga. Filimbi ilipulizwa kabla haujasomwa.

Kupigana kwenye hoki kuna adabu zake, hata kama mtu wa mbali ataona ni wazimu. Anayetaka ngumi humgonga mwenzake kwa gongo la kuchezea kwenye muundi na kumuuliza kama yuko tayari. Mwenzake akikubali, wote wawili hudondosha glavu. Akikataa, hutikisa kichwa, na mwanamume wa kweli hamrukii aliyetikisa kichwa. Larysa aliacha kantini, akasimama kwenye kioo cha ukingo wa uwanja na aproni yake, akiwa anaomba Mungu wa kwaya zote alizowahi kuzipanga.

Danylo alimgonga Remi muundi mapema. Remi alitikisa kichwa. Alimgonga tena wakati wengine wanakimbilia goli, Remi akatikisa tena na kumpita. Watu wa Zelena wakaanza kulia kama kuku kumwita mwoga, jukwaa zima, mpaka akina mama wa kamati ya kanisa. Danylo alipoona adabu hazimfikishi, akaziacha. Alimpiga kiwiko cha koo wakati mwamuzi amegeuka. Alimchoma gongo ubavuni, pale kinga zinapoishia. Alimbamiza kwenye kioo mbele ya macho ya dada yake, na uso wa Remi ukaja kubanwa pale pale aliposimama Larysa, damu ikachora mstari kwenye kioo. Walitazamana. Remi alimkonyeza kwa jicho lililokuwa linavimba, kisha akateleza kuufuata mchezo.

Larysa alilia, na hakuwa na huzuni. Hakuwahi kumpenda mtu namna ile. Alihesabu kwamba amepata mume.

Zilibaki dakika chache mechi iishe. Mchezo ulisimama, wachezaji wakajipanga kwa ajili ya kuanza upya, na Danylo akaenda kusimama ubavuni mwa Remi. Hakumgonga gongo safari hii. Aliinama akamnong'oneza sikioni, maneno machache, akiwa anatabasamu.

Remi alimgeukia akamtazama. Akadondosha gongo lake, kisha glavu.

"Hapana," Larysa alisema, ingawa hakuna aliyemsikia. "Remi, hapana."

Ngumi ya kwanza ilimpata Danylo puani, na sauti yake ilisikika hadi viti vya juu. Danylo alikuwa mkubwa zaidi, akamshika shati akamvuta na kumtwanga sikio, mara shavu, mara sikio tena. Remi hakujikinga. Alimwingia ndani ya mikono, akamshika ukosi kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukawa unapanda na kushuka bila haraka, kama mtu anayetwanga nafaka na anajua kinu hakiendi kokote. Kofia ngumu ya Danylo iliruka. Nyusi ikachanika. Magoti yakamlegea, akaanguka chali, na Remi akaanguka juu yake akiendelea kupiga. Waamuzi wawili walimvuta bila kumweza. Aliyekuwa chini alikuwa ameshaacha kurudisha, mikono imelala barafuni viganja juu, na bado Remi alikuwa anapiga.

Kelele za kuku zilikatika. Katika kimya kile yalisikika makofi ya mtu mmoja. Petro Hrycan alikuwa amesimama, blanketi limeanguka miguuni, anapiga makofi na kucheka kwa furaha ambayo Larysa hakuiona usoni mwake kwa miaka mingi. "Mmalize," mzee alikuwa anasema. "Mmalize huyo." Hakujua kwamba aliyelala pale ni mwanawe.

Ndicho alichokiona Larysa: kaka yake kwenye dimbwi la damu, baba yake anashangilia, na katikati yao mtu aliyemwahidi mikono mfukoni.

Remi alitolewa uwanjani. Larysa alimsubiri kwenye ushoroba unaokwenda chumba cha timu ya wageni, na alipofika alimzaba kofi kwenye shavu lile lililovimba. Olha alikuwa nyuma ya binti yake, na watu wa Zelena walikuwa wamejaa mlangoni.

"Nilikuomba kitu kimoja tu maishani," Larysa alimwambia. "Kimoja. Dakika chache hukuweza?"

Remi alifungua mdomo. Akamwona Olha, akawaona watu wote wale wametega masikio, akaufunga. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vinachuruzika kwenye sakafu ya mpira.

"Sema basi. Jitetee."

"Usilale nyumbani leo," alisema kwa sauti ya chini. "Nenda kwa rafiki, nenda popote. Nakuomba tu, usilale nyumbani."

"Unanipangia pa kulala? Wewe? Sisi tumekwisha, Remi. Nenda na basi lenu, na nyimbo zangu zifute." Akampa mgongo. Alijisikia kama amejikata kiungo kwa kisu butu, lakini alitembea mpaka mwisho wa ushoroba bila kugeuka.

Danylo alikuwa amelazwa kwenye meza ya chumba cha huduma ya kwanza. Mzee wa huduma alikuwa ameenda kutafuta barafu, kana kwamba jengo lile lilikuwa na uhaba wa barafu. Larysa alichukua taulo, akaikandamiza nyusi ya kaka yake, damu ikapita vidoleni mwake. Alimpa pole. Alimwambia asiongee, alale tu, gari la wagonjwa linakuja. Damu nzito kuliko maji, alijiambia, na mwanamume ni maji, leo yapo kesho yamekauka.

Lakini Danylo hakuwa mtu wa kunyamaza. Pua iliyovunjika ilimfanya azungumze kama mwenye mafua, na hata hivyo alikuwa anacheka.

"Unajua bwana wako ni mwoga? Nimemgonga, nimemgonga, anatikisa kichwa tu. Nikampiga kiwiko, anatikisa kichwa. Mwanamume gani yule?"

"Nilimwona. Nyamaza."

"Ilibidi nimtafutie ufunguo wake." Alicheka tena, akakohoa damu. "Kila mtu ana ufunguo."

Larysa aliacha kukandamiza kwa nguvu, ingawa mkono haukutoka. "Ulimwambia nini pale?"

Olha alikuwa amesimama karibu na mlango. "Danylo," alisema, "pumzika, mwanangu."

"Nilimwambia sawa, usipigane, tunza ahadi yako. Mimi nikifika nyumbani usiku, Larysa ndiye atakayezilipa hizi ngumi. Zote ulizokataa wewe, atazipokea yeye. Basi, ukaona mwenyewe alivyowaka."

Huko nje mechi ilikuwa imekwisha zamani, sijui nani aliyeshinda, na watu walikuwa wanaelekea kwenye magari. Larysa alimtazama kaka yake usoni, akamtafuta yule mvulana aliyemfundisha kuteleza akimshika kiuno.

"Ulikuwa unamtisha tu," alisema.

Danylo alilamba damu mdomoni.

"Kaka, nimekuuliza. Ungenipiga?"

Danylo aligeuza macho akaangalia dari. Larysa akamgeukia mama yake, kwa maana mama hujua, na Olha alikuwa anatazama sakafu. Hakuna aliyesema hapana. Alingoja neno hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa sababu lingekuwa neno dogo sana, na angeliamini hata kama ni la uongo.

Aliushika mkono wa Danylo, akauinua na kuuweka juu ya taulo.

"Shikilia mwenyewe," akamwambia.

"Unakwenda wapi? Larysa. Ukitoka huo mlango usirudi, umenisikia?"

Alimsikia. Mzee wa barafu alikuwa anaingia, akampisha. Alipita mlango wa kantini ambao komeo lake lilikuwa limelala sakafuni, akatokea kwa mlango wa nyuma, akaingia kwenye theluji na aproni na viatu vya jikoni. Upepo wa uwanda wa ngano ulikuwa unakata masikio. Basi la Saint-Aubin lilikuwa limewashwa, moshi unaelea nyuma yake, na wachezaji wa mwisho walikuwa wanapakia mabegi.

Nyayo zilimfuata. Alidhani ni watu waliotumwa kumrudisha, akageuka akiwa amekunja ngumi, yeye aliyezichukia ngumi kuliko mtu yeyote. Alikuwa mama yake. Olha hakusema kwamba Danylo ana hasira za karibu. Alikuwa amebeba koti la Larysa, akamvalisha mkono mmoja, halafu wa pili, akamfunga vifungo mpaka shingoni kama mtoto wa shule.

"Huko kwao wanakula nini?" aliuliza.

"Chakula cha watu, Mama."

"Haya." Akamwachia.

Larysa alipanda basi. Wanaume wale wote wakanyamaza, na dereva, mzee mwenye sharubu, akamwambia kwa upole kwamba bibi amekosea gari, hili ni la maadui. Hakumjibu. Remi alikuwa kiti cha pili, peke yake, jicho moja limefumba kabisa, mikono imezungushiwa kitambaa. Alipomwona hakusimama, na hakutabasamu.

"Nimevunja ahadi, Lara."

"Umeivunja. Danylo ameniambia kwa nini."

Remi alitazama chini.

"Ulimpiga hata alipokuwa amelala," Larysa alisema. "Alishaacha kurudisha, na wewe ukaendelea."

"Najua."

"Sitaki kukuona vile tena. Nimemwona baba yangu ndani yako na nimeogopa, unasikia? Nimekuogopa wewe."

"Na mimi nimejiogopa," Remi alisema.

Larysa alisimama pale kwenye njia, theluji inamyeyukia nyweleni, anatetemeka kwa baridi na kwa hasira na kwa kumpenda. Timu nzima ya Saint-Aubin ilikuwa inamngoja.

"Kesho tutagombana juu ya hili mpaka sauti zitukauke," alisema. "Sasa hivi sogea nikae."

Remi akasogea.